Shoga Aliyenisemea

Kwetu Tanga jambo la kiunoni halisemwi na mwenyewe. Husemewa na shoga yake. Mwanamke akiumwa mahali pa siri, huingia kwa daktari na mwenzake. Yeye anatazama dirisha, mwenzake ndiye anayeeleza. Daktari anauliza huku, jibu linatoka kule. Hakuna anayeona ajabu. Nimekulia hivyo, nimeolewa hivyo, nikavuka na tabia hiyo mpaka Canada, na uwanja wa ndege hakuna aliyeniuliza kama ninayo.

Hapa Rexdale, pembeni mwa Toronto, nilijaliwa kupata wa kunisemea. Alikuwa mwanamke wa Mombasa anayekaa jengo letu hili hili, ghorofa za juu, ambako kuna upepo na kodi kubwa. Alinitangulia kuja huku kwa miaka mingi. Kazi yake ukalimani: anaitwa hospitali, shuleni, kwenye ofisi za uhamiaji, popote penye Mswahili mmoja aliyekwama na Mzungu mmoja anayesubiri. Kiingereza chake, wallahi, ukikisikia unadhani amezaliwa nacho. Ndiye aliyenifundisha basi la Kipling linakwenda wapi na la Islington linaishia wapi, viatu gani vya theluji vinadumu na vipi ni vya kupigia picha. Nilipokwenda kufanyiwa operesheni ndogo ya kizazi, nilitazama dirisha, akaeleza yeye.

Tena tulikuwa na shughuli yetu pamoja. Watoto wa watu wakiolewa hapa mjini, mama zao wakitaka mwari afundwe kidogo, wanatuita sisi wawili. Mimi namwaga kunga, yeye anatafsiri, maana wasichana wa hapa Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo kama kuna mtu Toronto nzima aliyejua nina nini kiunoni, mbali na mume wangu, ni yeye. Shanga zangu tatu za kila siku, mbili alizitunga yeye kwa mikono yake. Na yeye anavaa, asitake kujitia utakatifu.

Basi tukaenda dukani kumtafutia bibi harusi mmoja mkufu. Duka la dhahabu ndani ya yale maduka makubwa yenye joto, nami nimevaa koti langu la baridi, dera, na kanga nimeifunga ndani. Shanga moja ikawa imenasa kwenye pindo la kanga, inanifinya. Nikaingiza mkono chini ya koti, nikaivuta, nikaiweka sawa. Jambo la kufumba na kufumbua. Kumbe wakati huo huo kuna mkufu haupo kwenye sinia pale mezani, na mlinzi anaangalia kamera.

Akatuzuia mlangoni. Akatupeleka kwenye kiujia cha nyuma ya duka, penye maboksi na ndoo ya kudekia, akaita polisi. Wakaja wawili, mwanamume na mwanamke. Yule mwanamume akaongea na mlinzi, kisha akaniambia niko chini ya ulinzi kwa tuhuma ya wizi. Akasoma kikadi: nina haki ya kuzungumza na wakili, kuna namba ya bure. Shoga yangu akanitafsiria yote, neno kwa neno, vizuri sana, hata nikajiona niko salama. Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa sijaiba, kwa nini nihangaike?

Yule polisi mwanamke akavaa glovu, akaanza kunipapasa juu ya nguo. Mikononi, kwapani, ubavuni. Alipofika kiunoni akasimama. Akarudia. Akauliza hii ni nini.

Mwenzangu, hapo ndipo pagumu. Neno lake kwa Kiingereza nilikuwa nalijua, naliona kila siku kwenye maduka ya vitambaa. Ningeweza kulisema, yakaisha. Lakini kulikuwa na wanaume wawili wamesimama hatua chache kutoka kwangu, na mimi ni mtu mzima, mama wa watoto, nitamkeje mbele yao? Nikakishika kiuno changu kwa mikono miwili. Nikafanya kile nilichofanya maisha yangu yote: nikamgeukia shoga yangu.

"Waambie," nikasema.

Polisi naye akamtazama, akamuuliza nimesema nini, na hiki kitu ni nini. Na shoga yangu, mtu wa maneno, mtu anayelipwa kwa maneno, akatazama ile ndoo. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye hajui.

Nilimsikia vizuri. Yule polisi akaniambia niitoe mikono. Sikuitoa. Akaitoa yeye. Akafungua koti, akapandisha dera mpaka kifuani, akafungua kanga, pale pale kiujiani, mlango wazi, mwenzake yuko hapo, mlinzi yuko hapo. Mimi na chupi yangu na shanga zangu. Akazivuta kutazama kama kuna mkufu umefichwa kati yake, moja ikakatika, zikamwagika chini. Zilikuwa nyingi mno na ndogo mno. Zikabingirika mpaka kwenye viatu vya yule mwanamume, naye akarudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mkufu walikuja kuupata kwenye droo, muuza duka alikuwa ameuweka mwenyewe. Nikaambiwa niko huru kwenda. Mlinzi aliomba radhi. Polisi hawakuomba.

Kwenye basi shoga yangu alilia. Alilia kweli, makamasi yakimtoka, watu wakitutazama. Alisema alishikwa na woga, ulimi ukawa mzito, akiona sare tu viungo vinamlegea tangu yaliyompata kaka yake zamani huko kwao. Nikamwonea huruma. Fikiria, mimi ndiye niliyevuliwa, na mimi ndiye niliyetoa kitambaa nikampa. Nikasema moyoni, woga ni wa kila mtu, hata simba ana siku yake. Nikamsamehe kabla hatujashuka.

Mume wangu anaendesha lori, huenda mpaka Winnipeg akarudi. Aliporudi safari hiyo nikamweleza. Akauliza wanaume walikuwa wangapi, kisha akaenda kuoga. Alipotoka akasema tuyaache, tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu nitamwachia yaliyo ya Mungu, haya ni ya polisi. Nilikuwa na hasira zinazopanda na kushuka; nikiwa kazini, napanga maboksi kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege, ghafla naona tena lile dera langu likipanda. Nashika boksi najikuta nimelikunja pembe.

Nikaenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Wakili alikuwa binti mdogo, mpole, anazungumza taratibu kwa ajili yangu. Shoga yangu alikuwa ubavuni, akitafsiri. Binti akatueleza sheria zao, nami nilizishika kama nilivyozishika za madrasa. Polisi hawezi kumpekua mtu hivi hivi tu. Akikuomba ruhusa, unaweza kukataa, na kukataa si kosa. Akikukamata kihalali, basi anaweza kukupapasa, kutafuta silaha au kitu kinachohusu kosa. Mpaka hapo, alisema binti, sina la kudai. Lakini kupandisha nguo za mtu ili kumtazama nguo za ndani ni jambo jingine kabisa, halifuatani tu na kukamatwa. Linataka sababu zake zenyewe zenye nguvu. Lifanywe kituoni, isipokuwa kuna dharura ya kweli. Chumba kifungwe. Mkubwa wao aidhinishe. Wa jinsia yako tu ndio wawepo. Upewe kwanza nafasi ya kukitoa kitu mwenyewe. Na liandikwe. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilishasema.

Nikamuuliza, na hao wameandika nini? Akasema wameandika kwamba nilipapaswa juu ya nguo, kikaonekana kitu kigumu, nikakitoa mwenyewe.

Nikakitoa mwenyewe! Astaghfirullah. Nilicheka mpaka binti akaniletea maji.

Akaniambia kesi yangu ni nzuri, ila ni neno langu na la polisi wawili na mlinzi ambaye hataki kuongea. Kamera ya duka haifiki kwenye kile kiujia. Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya mtu mmoja aliyekuwepo na asiye wao. Akamgeukia shoga yangu. Shoga yangu akanitafsiria hilo nalo, kisha akaniwekea mkono begani, akasema, "Hili nitakusimamia mpaka mwisho. Nina deni lako."

Tukaandika malalamiko. Siku zile nilitembea nimenyooka. Si kwamba nilitaka fidia, ingawa wengi jengoni walidhani hivyo na wakaanza kuniita bibi milioni. Nilichotaka ni mtu mmoja wa serikali aandike kwenye karatasi kwamba ile haikuwa sawa, kwamba nguo zangu si pazia la dirisha. Nikilipata hilo, nilimwambia mume wangu, nitaweza kuvaa tena. Maana tangu siku ile sikuwa nimevaa. Zilizobaki nilizifunga kwenye leso nikazitia kabatini, naye hakuniuliza, na hilo la kutoniuliza likaniumiza zaidi.

Shoga yangu akaitwa kutoa maelezo. Alikwenda peke yake, ndivyo walivyotaka. Jioni akanipigia kwamba kila kitu kimekwenda salama, nisiwe na wasiwasi, na siku hiyo hiyo akaniteremshia mahamri ya moto kwenye sahani aliyoifunika kitambaa. Nikala nikamwombea dua. Kumbe napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Binti wakili alinipigia baadaye kidogo. Aliomba nikae chini kwanza. Alisema shahidi wangu ameeleza kwamba hakuona nguo yoyote ikipandishwa. Kwamba alikuwa anatazama simu. Akasema kuna jambo lingine, bora nilisikie kwake: aliulizwa ana uhusiano gani na mimi, akajibu hatujuani sana, ni jirani anayekutana naye kwenye basi.

Hatujuani sana! Mtu aliyejua mshono wa operesheni yangu uko wapi!

Nilipanda kwake kwa ngazi, lifti ilikuwa inachelewa na mimi sikuweza kusimama. Alipofungua mlango akanisoma usoni. Hakunikaribisha ndani, akatoka yeye kwenye korido, akauvuta mlango nyuma yake. Nilikuwa nimepanga matusi ya Tanga yote, ya shambani na ya mjini. Hayakutoka. Nilimuuliza tu kwa nini.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameomba kazi ya ukalimani wa mahakama. Siyo ya kuitwaitwa, ya kudumu, yenye bima ya meno ya watoto. Wanamchunguza mtu kwa polisi kabla ya kumpa kibali. Wakati ule dukani ombi lilikuwa tayari limeshapelekwa. Aliogopa jina lake lisikaribiane na wizi. Na sasa akisimama aseme polisi wameandika uongo, kesho anataka kukaa mahakamani na polisi hao hao, nani atamwamini, nani atampa? Alilisema vizuri, limepangika, kama alivyozoea kusema mambo ya watu.

Kwa hiyo haukuwa woga wa sare. Yale machozi ya kwenye basi, kaka yake, viungo kulegea, yote yalikuwa ya kunihadaa. Nilimwambia hivyo. Hakubisha.

"Wewe lako limeshakupata, likaisha," alisema. "Langu ndiyo kwanza linakuja. Nilisema hatujuani kwenye karatasi tu, shoga. Kwenye karatasi tu."

Nikamuuliza mimi nilitaka nini toka kwake zaidi ya karatasi. Mlango ukafunguka kidogo, mtoto wake akachungulia, akaniamkia kwa Kiingereza. Nikamwitikia, nikashuka.

Malalamiko yangu yakafungwa. Ushahidi hautoshi, ndivyo binti alivyonisomea. Shoga yangu akapata kibali chake. Nililisikia kwa watu kwenye chumba cha kufulia chini, wanampongeza. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nalisema neno hilo tangu utotoni bila kujua linauma kiasi gani. Adui angenifanyia vile ningelala. Aliyenifanyia ni mtu niliyempa kinywa changu akitunze.

Tukawa tunapishana kwenye lifti. Yeye anajitia hamnazo na simu yake, mimi naangalia namba za ghorofa. Harusi zikaja, wakatuita wote wawili kama zamani. Nilikataa zote, nikasema mgongo.

Halafu ukaja mkutano wa akina mama kwenye ukumbi wa chini ya jengo. Walikuwa wamemwalika wakili mmoja mwanamume, mzee, kutoka ofisi nyingine kabisa, aje aeleze haki za mtu akikamatwa na akipekuliwa. Watu wetu walijaa: wa Tanzania, wa Kenya, Wakongo, mabibi wa Kigoa wa Nairobi na sweta zao. Nilijua mkalimani ni nani. Nisiseme uongo kwamba nilikwenda kujifunza.

Alisimama pembeni ya yule mzee na maikrofoni yake, amevaa suti ya bluu, mtandio umekaa vizuri. Mzee akasema yale yale aliyoyasema binti: ruhusa unaweza kukataa, kupapaswa ni hivi, kuvuliwa ni vile, kituoni, chumba kifungwe, jinsia yako tu. Yeye akatafsiri. Kiswahili safi. Hakuruka hata neno moja. Nilimsikiliza akisema kwamba nguo za mwanamke zisipandishwe mbele ya mwanamume, na sauti haikumkwama, na hapo nikahisi damu imenipanda masikioni.

Mzee akauliza kama kuna mtu humu limempata, au anamjua aliyepatwa. Akalitafsiri swali. Akatazama upande ule wa ukumbi, akatazama huu, akaruka mstari niliokaa mimi.

Nikasimama. Sikusimama kwa ajili ya haki, wala kwa ajili ya kina mama wenzangu. Nilisimama kwa uchungu.

Nilikuwa namjua kazini kwake. Hawasemi "anasema kwamba". Sharti la kazi yao mkalimani aseme "mimi", maneno ya mtu ayachukue yawe yake mdomoni, mpaka amalize. Nami nikasema. Nikasema mimi nina shanga kiunoni. Ukumbi ukazizima, bibi mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Nikamsikia akimwambia yule mzee kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kwamba mimi nina shanga kiunoni. Nikasema nilipandishwa nguo wanaume wakinitazama. Akasema mimi nilipandishwa nguo wanaume wakinitazama. Nikasema zilikatika, nikaziokota kwa kupiga magoti. Akasema. Nilikwenda polepole, sikumwachia pa kukimbilia. Nikasema kulikuwa na rafiki yangu pale, akaona kwa macho yake, akaulizwa na serikali, akasema hakuona, akasema hatujuani.

Hapo alichelewa. Mzee akamgeukia, akidhani hakusikia. Akalisema lote mpaka mwisho.

Mzee alikuwa na uso wa huzuni. Aliuliza kitu. Shoga yangu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya korido akanitazama machoni.

"Huyo rafiki yako," akasema, "yuko wapi siku hizi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Ningenyoosha kidole tu, na ukumbi mzima ungemaliza. Alijua kwamba nikimtaja atalazimika kujitaja kwa mdomo wake. Alikuwa ananiomba kwa macho. Nilimtazama nikitafuta kama bado ninamjua, na sikumpata.

"Mwambie sina," nikasema. "Mwambie mimi sina rafiki."

Akamgeukia mzee, na kwa Kiingereza chake kile kizuri akamwambia: mimi sina rafiki.